Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kusimamia kazi na watu bila kujimaliza

Haya ni yale maswali ambayo watu wanaosimamia timu huuliza, na wanaosimamiwa pia, kila mmoja kwa maneno yake ila ukichimba unakuta ni yale yale. Yana namba, kwa hiyo swali likigusa jingine nitakuelekeza tu huko.

## Ya msingi

1. Nikikaa kazini masaa mengi si ndo natoa kazi nyingi?

Mwanzoni ndiyo, baadaye inafika mahali hapana. Saa ya kumi na moja ya kazi hailingani hata kidogo na saa ya pili, kichwa kimechoka, unaandika kitu ambacho kesho asubuhi utakaa kukirekebisha, yaani ile saa ya ziada umeilipia mara mbili. Na hili sio jambo la vijana wa siku hizi kupenda raha. Henry Ford mwaka 1914 alishusha siku ya kazi kiwandani kwake kutoka masaa 9 hadi 8, akapandisha malipo hadi dola 5 kwa siku, na mwaka 1926 akaingia kwenye wiki ya siku tano. Hakufanya kwa huruma, alipiga hesabu: watu walikuwa wanaacha kazi kila kukicha na kufundisha wapya kila mara kunakula hela. Hata mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa 1919, ulihusu hili hili, masaa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani.

Alafu kuna afya. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na hilo la Kazi walitoa makadirio kwamba anayefanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi, kama 35% hivi, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo inapanda kama 17%, ukimlinganisha na anayefanya masaa 35 hadi 40. Mfanyakazi aliyelazwa hana ripoti ya kukuletea.

2. Mbona nashinda bize siku nzima alafu jioni sioni nilichofanya?

Hili ndo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi jibu sio uvivu wala kukosa nidhamu, ni kwamba umefungua kazi nyingi kwa wakati mmoja. Unaandika ripoti, meseji inaingia, unajibu, unarudi kwenye ripoti, simu, unarudi tena. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba ukitoka kwenye kazi ambayo hujaimaliza, sehemu ya akili inabaki kule ulikotoka, kwa hiyo kazi mpya unaifanya na kichwa nusu. Fanya hivyo kutwa nzima uone kama jioni utakuwa na kitu.

Kuna hesabu moja ambayo napenda kila meneja aijue. John Little aliithibitisha mwaka 1961, ilikuwa ya mambo ya foleni ila inaingia kazini vizuri sana: muda ambao kazi inakaa kwako ni idadi ya kazi zilizo wazi ukigawa kwa kasi yako ya kumaliza. Una kazi 12 wazi na unamaliza 3 kwa wiki? Basi kila moja, kwa wastani, itakaa kwako wiki 4. Acha wazi 6 tu kwa kasi ile ile, zinakaa wiki 2. Hujaongeza hata saa moja ya kazi, umepunguza tu ulichokifungua. Watu huwa hawaamini mpaka wajaribu, manake kukataa kuanza kazi kunaonekana kama uzembe.

3. Ile mbinu ya dakika 25 inasaidia kweli?

Inasaidia kuanza. Francesco Cirillo, Mwitaliano, aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi: dakika 25 kazi moja tu, kisha unapumzika kidogo, unarudia. Kama kazi unaikwepa tangu juzi, kujiambia "dakika 25 tu" inakutoa kwenye kukwepa. Ila kwa kazi za kuzama, mfano kuandika programu za kompyuta au kuchambua mahesabu, kengele ikilia ndo kwanza umeanza kuelewa, kwa hiyo hapo izime uendelee. Sio dini.

4. Apu gani nzuri ya kupanga kazi?

Ile ambayo timu nzima itaifungua kila siku. Kama ni daftari, daftari. Nimeona timu zinahama apu kila baada ya miezi michache na kazi zikawa zimekwama pale pale, sababu shida ilikuwa hakuna anayejua nani anafanya nini mpaka lini, na hiyo hakuna apu itakuamulia.

## Kusimamia watu

5. Nimepandishwa cheo, sasa nawasimamia waliokuwa wenzangu. Nianzie wapi?

Anza kwa kukaa na kila mmoja peke yake, nusu saa inatosha, umuulize anafanya nini sasa hivi, nini kinamkwamisha, na angependa nini kibadilike. Usibadilishe kitu wiki za kwanza kujionyesha. Na yule rafiki yako wa karibu mwambie mapema, kabla hajakuomba upendeleo: urafiki uko pale pale ila kwenye ruhusa, zamu na tathmini atapimwa kama wengine. Kuna atakayenuna, hasa aliyekuwa anakitaka hicho cheo. Mwache anune kidogo, alafu mpe kazi ya maana ambayo inaonyesha unamheshimu.

Jambo jingine, kazi yako imebadilika kabisa. Laurence Peter aliliandika hili mwaka 1969 kwa utani wenye ukweli ndani yake: watu hupandishwa kwa kuwa wazuri kwenye kazi ya zamani mpaka wanafika kwenye kazi wasiyoiweza. Ulikuwa fundi mzuri, sasa unapimwa kwa kazi za wengine. Ukiendelea kushika zile kazi ngumu wewe mwenyewe utakuwa fundi aliyechoka na timu isiyokua.

6. Nikimpa mtu kazi inarudi mbovu, si bora niifanye mwenyewe?

Leo ni bora, ndiyo. Mwezi ujao utakuwa bado unaifanya wewe, na mwaka ujao.

Mara nyingi kazi inarudi mbovu kwa sababu ulitoa maagizo ukiwa unatembea. "Nitengenezee ile ripoti" sio agizo. Mwambie vitu vinne: matokeo yakikamilika yanaonekanaje, yatatumiwa na nani, nini asikiguse bila kukuuliza, na lini akuletee rasimu. Hiyo rasimu ndo siri yenyewe. Mwambie akuonyeshe mapema kabisa, ikiwa bado mbichi, sababu kosa la mwelekeo ukiligundua siku ya pili ni mazungumzo ya dakika kumi, ukiligundua siku ya dedilaini ni ugomvi.

Na ikirudi na kasoro ndogo usiirekebishe kimya kimya usiku. Mrudishie yeye airekebishe, vinginevyo atajifunza kwamba kumalizia ni kazi yako.

7. Nitajuaje mtu anafanya kazi bila kumkalia shingoni?

Kwa kuangalia kinachotoka. Mkubaliane mwanzo wa wiki kitu gani kitakuwa kimeisha Ijumaa, katikati ya wiki muulize swali moja tu, "kuna kilichokwama?", basi. Kama huwezi kutaja kitu ambacho mtu wako alipaswa kukitoa wiki hii, tatizo sio yeye, ni wewe hujampa kazi inayoeleweka. Najua linauma hilo. Kuhusu programu za kumpeleleza mtu, soma swali la 15.

8. Kuna mmoja kwenye timu ni mzembe, nimfanyeje?

Kabla hujamwita mzembe tafuta lipi kati ya haya: hajui anachotakiwa kufanya, hajafundishwa kukifanya, hana vifaa au ruhusa ya kukifanya, ana jambo kubwa nyumbani, au hataki. La mwisho lipo kweli, ila watu wanaanzia hapo wakati ndo lingekuwa la kufikiriwa mwisho.

Angalia pia kama umewapa watu watano kazi moja bila kumtaja mwenyewe. Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann aliwavutisha watu kamba, matokeo yake yakachapishwa 1913, akaona kadiri watu wanavyoongezeka kwenye kamba ndivyo kila mmoja anavyovuta kidogo kuliko akiwa peke yake. Kazini ni hivyo hivyo, "tutashughulikia" maana yake hakuna atakayeshughulikia. Kila kazi iwe na jina moja. Wengine wanasaidia sawa, lakini anayeulizwa ni mmoja. Ukishafanya hivyo ndo utamwona mzembe wa kweli, na wakati mwingine utashangaa sio yule uliyemdhania.

9. Namwambiaje mtu kwamba amekosea bila kumvunja moyo?

Mapema, faragha, na uongelee tendo. "Ripoti ya jana ilikosa jedwali la mauzo na mteja amelalamika" anaweza kulifanyia kazi. "Wewe haupo siriasi" hawezi kulifanyia chochote zaidi ya kukuchukia. Ile staili ya kuanza na sifa, kosa katikati, sifa mwishoni, mimi siipendi, watu wameshaizoea, ukianza kuwasifia tu wanakaa tayari kupigwa. Sifa itoe siku yake.

Na ukitaka watu wakuambie makosa wenyewe, angalia unavyopokea habari mbaya. Amy Edmondson alifanya utafiti hospitalini miaka ya 1990 akitarajia kwamba timu nzuri zina makosa machache ya dawa. Namba zikaja kinyume, timu nzuri ziliripoti makosa mengi zaidi! Alipochunguza akaona maelezo yake: kule watu hawakuogopa kusema. Kwa hiyo timu ambayo haileti makosa kabisa isikufurahishe haraka.

## Vikao na meseji

10. Vikao vimekuwa vingi, nipunguze vipi bila kuonekana nina kiburi?

Uliza swali hili kwa upole kabla ya kukubali: "tukitoka hapo tunatakiwa tuwe tumeamua nini?" Kama jibu ni "kupeana taarifa tu", basi iandikwe na watu wasome. Kikao kibaki kwa ajili ya kuamua, kubishana, au jambo zito ambalo ukiliandika litaeleweka vibaya.

Cyril Northcote Parkinson aliandika kwenye The Economist mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda ulioipa, na hakuna mahali pa kuliona hilo kama kikao cha saa nzima ambacho jambo lake liliisha dakika ya ishirini. Kipange nusu saa. Kikiisha mapema watu waende. Anayeandika maazimio aandike nani, nini, lini, mistari mitatu inatosha, sio muhtasari wa kurasa sita ambao hata mwenyekiti hausomi.

11. Bosi anatuma meseji usiku, lazima nijibu?

Inategemea mkataba wako na sheria za ulipo. Ufaransa kwa mfano, tangu Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kujiondoa kwenye mawasiliano baada ya kazi. Sehemu nyingine hakuna kitu kama hicho.

Kwa vitendo, muulize bosi mchana, kwa amani: "Meseji zako za usiku, nizijibu usiku ule ule au asubuhi?" Wengi wanakushangaa, wanasema asubuhi bwana, walikuwa wanaandika tu wasisahau. Kama wewe ndo bosi na usiku ndo unapata utulivu, andika alafu iseti iende saa mbili asubuhi. Usitegemee ile "sio lazima ujibu sasa", mtu akishaiona usingizi umeshakatika. Ya dharura ipigiwe simu, na mkubaliane dharura ni nini.

## Namba, tageti na dedilaini

12. Tumeweka tageti na watu wanazifikia, mbona hali haiboreki?

Manake wamejifunza kufikia namba. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart aliliona hili mwaka 1975 kwenye sera za fedha: kipimo ukikigeuza kuwa shinikizo, kinaacha kupima. Wahudumu wa simu ukiwapima kwa ufupi wa maongezi watakata simu za wateja. Wauzaji ukiwabana kwa idadi ya akaunti, utazipata akaunti. Benki ya Wells Fargo ya Marekani mwaka 2016 ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi waliobanwa na tageti walikuwa wamefungua akaunti kwa wingi bila wateja kujua.

Dawa sio kuacha kupima. Weka namba mbili zinazovutana, mfano idadi ya maombi yaliyoshughulikiwa na idadi ya yaliyorudi kwa malalamiko, ili mtu akidanganya upande mmoja upande wa pili umuumbue. Na mara moja moja acha namba, shika kazi zenyewe chache uzisome.

13. Kazi imechelewa, niongeze watu?

Kama ni kubeba matofali, ongeza. Kama ni kazi ya kichwa, pole pole. Fred Brooks aliyesimamia mradi mkubwa wa programu IBM aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Sababu ni mbili: wapya wanafundishwa na wale wale waliobanwa, na njia za mawasiliano zinaongezeka kwa kasi ya ajabu. Watu 5 wana njia 10 za kuongea wawili wawili, watu 10 wana 45, watu 15 wana 105.

Badala yake punguza kilichoahidiwa, au sogeza tarehe mara moja na kwa ukweli. Kusogeza siku tatu tatu mara tano ndo kunaua imani ya mteja. Na kama makadirio yenu yanakosea kila mara, acheni kukadiria kwa kuwaza kila kitu kikienda sawa, angalieni kazi kama hiyo mara ya mwisho ilichukua muda gani kweli. Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza kosa hilo tangu 1979, na tunalirudia kila siku.

## Kufanya kazi nyumbani na mipango mipya

14. Wanaofanya kazi nyumbani wanafanya kazi kweli?

Wengi wanafanya. Nicholas Bloom wa Stanford na wenzake walifuatilia wahudumu wa simu wa kampuni ya usafiri ya Ctrip ya China kwa miezi tisa, waliobaki nyumbani wakafanya vizuri kwa 13% zaidi na kuacha kazi kukapungua kwa nusu. Lakini jaribio lilipoisha, wengi kati yao waliomba kurudi ofisini, upweke umewachosha. Utafiti mwingine kwenye kampuni hiyo hiyo, uliotoka 2024 ukiwa na watu 1,612, uliangalia siku mbili nyumbani kwa wiki: tathmini za kazi hazikushuka na waliojiuzulu walipungua kwa theluthi moja.

Cha kuangalia ni wapya. Mgeni kazini anajifunza kwa kusikiliza wenzake wanavyoongea na wateja, nyumbani hasikii. Angalia pia nani anapandishwa cheo, sababu asiyeonekana husahaulika hata akiwa anatoa kazi nzuri.

15. Niweke programu ya kufuatilia kompyuta zao?

Kwa usalama wa data, sawa, ukiwaambia wazi na sheria ikiruhusu. Kwa kupima kazi, hapana. Kipanya kinachosogea kinapima kipanya, na vifaa vya kukisogeza chenyewe vinauzwa onlaini. Rudi swali la 7 na la 12.

16. Wiki ya siku nne inawezekana au ni ndoto?

Imejaribiwa. Iceland kati ya 2015 na 2019 watu kama 2,500 walipunguziwa masaa, kutoka 40 hadi 35 au 36 kwa wiki bila kukatwa mshahara. Uingereza mwaka 2022 kampuni 61 zenye watu kama 2,900 zilijaribu, na 56 zikasema zinaendelea nayo. Ila kumbuka kampuni hizo zilijitolea zenyewe, yaani zilitaka ifanikiwe. Penye zamu za masaa 24 huwezi kukata siku bila kuajiri. Na ukikata siku bila kukata vikao utakuwa umewabana tu.

17. Niwaruhusu kutumia akili mnemba kama ChatGPT?

Wanatumia tayari, kwa hiyo swali ni kama watatumia kwa sheria au kwa kujificha. Mbili zinatosha kuanzia: hakuna kuweka siri za kampuni au taarifa za wateja humo, na aliyeweka jina lake kwenye kazi ndo anaijibu. Mwaka 2023 mawakili New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na hiyo programu, na "kompyuta ndo ilisema" haikuwaokoa.

## Hali ngumu

18. Mtu wangu bora kuliko wote anawatesa wenzake. Nimvumilie?

Piga hesabu yake yote. Weka na walioacha kazi kwa ajili yake, maswali yasiyoulizwa sababu watu wanaogopa kudhalilishwa, na muda wako wa kusuluhisha. Alafu mwambie kwa mifano na tarehe, mpe muda unaojulikana. Akibadilika vizuri. Asipobadilika utaamua, na timu nzima inakuangalia.

19. Nimechoka kiasi kwamba hata likizo hainisaidii.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliiweka hali hii kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo la ICD-11, kama jambo linalotokana na kazi, sio ugonjwa. Ina dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kuikejeli, na kujiona huwezi tena. Ukipumzika alafu ukarudi kwenye mzigo ule ule, mwezi mmoja uko pale pale. Kwa hiyo ongea kuhusu mzigo, ukiwa na orodha mkononi: "Nina hizi tisa, naweza tano, tuchague." Usingizi ukipotea kabisa au ukianza kuwaza kujidhuru, hapo muone daktari leo leo, kazi itasubiri.

20. Nimefanya yote na mtu bado hafanyi kazi. Nimfukuze?

Jiulize kwanza: akiambiwa leo, atashangaa? Kama atashangaa, hujafanya yote. Anatakiwa awe ameshasikia kwa mdomo na kwa maandishi ni nini hakiendi, kiwango ni kipi, msaada gani atapata na mpaka lini. Onana na HR, yaani idara ya rasilimali watu, mapema, taratibu zinatofautiana na ukiruka hatua moja unaweza kushindwa hata kama ulikuwa na haki.

Siku yenyewe iwe fupi. Mwambie uamuzi ndani ya dakika ya kwanza, usimzungushe na stori za hali ya hewa, usibishane naye upya juu ya yaliyopita. Eleza malipo yake, vifaa vya kurudisha, na kama utamwandikia barua ya utambulisho. Usifanye Ijumaa jioni, wikendi nzima hatakuwa na wa kumuuliza kitu. Timu uwaambie siku hiyo hiyo, kwa sentensi mbili, kwamba ameondoka na kazi zake sasa zimeshikwa na nani, sababu za kuondoka kwake zibaki kati yenu.